Maji ya Kumwogesha Mwalimu

Mama Ustawi, mkuu wa ustawi wa jamii katika halmashauri, alikuwa na wivu wa kazi, na wala hakuuficha. Wakala wa serikali kuu alipoleta muuguzi wa kuwahudumia wazee majumbani, mji mzima ulimsifu mgeni huyo kana kwamba halmashauri imelala fofofo. Mama akatangaza kwamba hakuna wa kuja kutoka mbali akawajali wazee wetu kutushinda sisi. Madiwani walifurahi. Ikabaki kura tu, muuguzi arudishwe alikotoka na kazi ichukuliwe na halmashauri.

Asiende kikaoni na maneno matupu, aliomba amwogeshe yeye mwenyewe Mwalimu, bibi aliyepooza miguu baada ya kufundisha nusu ya mji. Akakunja mikono ya gauni, akalowesha kitambaa. Mwalimu akaishika shingo ya gauni lake kwa mikono miwili, asiiachie.

"Mwanangu, kunawa mikono nimekufundisha mimi," alisema. "Diwani wako nimemfundisha, dereva wako nimemfundisha. Leo mnivue nguo, kesho mniamkie? Yule dada si wa hapa. Akitoka, anaondoka na aibu yangu."

Mama Ustawi aliona haya. Alikiweka kitambaa chini, akatoka kumwita muuguzi.

Kikaoni mwenyekiti, aliyekwisha kumwahidi Mama Ustawi gari la idara kwa kazi hiyo, alimpa nafasi huku akitabasamu. Kula matapishi yako mbele ya madiwani si mchezo, lakini mama wa watu aliyala yote. Alisema muuguzi abaki, maana kuna mambo ambayo mtu hawezi kufanyiwa na jirani yake. Mwenyekiti, tabasamu limemkauka, akamuuliza kama basi halmashauri ikae ikunje mikono.

"Tusikunje," alijibu. "Kwa Mwalimu hakuna bomba. Muuguzi anachota maji kisimani mwenyewe, na sisi tupo."

Walinung'unika, wakapiga kura, muuguzi akabaki. Gari likaenda idara nyingine.

Tangu hapo, siku za kuoga, Mama Ustawi huchota maji na kuyachemsha, akafikisha ndoo mlangoni pa chumba, kisha akaketi barazani na kukipa chumba mgongo. Asubuhi moja alimsikia Mwalimu akimwambia muuguzi kuwa maji yamepoa sawasawa, hayaunguzi wala hayatetemeshi.

"Huyo mwanafunzi wangu bado yupo hapo nje?"

"Yupo, Mwalimu."

"Mwambie ahsante. Na asigeuke."