Nekesa wa Ayalandi Alipokuja Lumakanda

Ukifungua beli la vitabu vya mitumba, usikimbilie majalada. Nusa kwanza. Kuna kitabu kilichokaa na mvuta sigara, kuna kilicholala na paka, na kuna kile chenye harufu ya ukungu na sabuni, kama kabati la nguo lililofungwa msimu mzima wa mvua. Hicho cha mwisho mimi hukitambua kabla sijakiona. Ni riwaya ya mwanamke wa Ayalandi, na kwenye jalada kuna mwanamke mwingine aliyevaa koti jekundu, ametupa mgongo, anaangalia bahari au kilima. Hapa kibandani kwangu mjini Kakamega nimewauza wengi wa namna hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kugeuka tumwone uso.

Wasichana wa chuo wanavipenda. Wanageuza kitabu, wanasoma nyuma, wananiuliza, "Madam, hii ni ile ya kutafuta kwao?" Nawaambia ndiyo. Zote ni za kutafuta kwao. Mwanamke amekulia mjini, amefiwa, anarudi kijiji ambacho mama yake alikitoroka, na watu wa huko wanamwangalia kama mtu aliyeingia kanisani na kuku. Kisha wananiomba nipunguze bei, nami nakataa mara ya kwanza, kwa heshima ya kazi.

Lakini harufu ile, kabla hatujafika kwenye bei, huwa imeshanipeleka Lumakanda, kwenye veranda ya kukhu, bibi yangu mzaa mama, msimu wa mahindi, nikiwa darasa la tatu.

Mama yangu, Selina, alikuwa akimfulia nguo na kumpigia pasi mwalimu mmoja wa kike kutoka Ayalandi. Mwalimu yule alipomaliza mkataba na kurudi kwao, alimwachia mama sufuria, mwavuli na sanduku la riwaya. Kukhu alizipokea sufuria kwa shukrani, mwavuli akauchukua moja kwa moja, na vitabu akauliza kama vinapikwa au vinaliwa hivyo hivyo.

Mama aliweza kuvisoma. Alifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa tumboni, kwa hiyo mimi husema tuliufanya wawili, ingawa cheti kina jina lake peke yake. Baba yangu hakutajwa pale nyumbani. Hakuwa siri, alikuwa tu kama duka lililofungwa, watu wanapita wala hawageuzi shingo. Mimi na mama tulilala kwenye kijumba kilicho kando ya jiko, na nilidhani kila mtoto duniani ana mama, kukhu, babu wa kumwita kuka, na kijumba.

Mahindi yalipokauka, akina mama majirani walikuja kutusaidia kupukuchua, nasi tukienda kwao zamu yao ilipofika. Lumakanda ni mahali pa watu waliotoka kila upande: sisi Wakabarasi, nyuma yetu Wamaragoli, ng'ambo ya mto Wabukusu, na chini kidogo familia za Wakikuyu na Wanandi. Kwa hiyo pale verandani tuliongea Kiswahili, kila mtu akikivunja anavyopenda. Mikono ilipukuchua, punje zikianguka kwenye turubai kwa mlio kama mvua inayoanza, lakini midomo ilikuwa haina kazi. Ndipo mama akaleta riwaya.

Alisoma Kiingereza kimoyomoyo na kututolea Kiswahili kwa sauti, magunzi yakirundikana karibu na miguu yake. Kuka alikuwa mgonjwa ndani, na mlango uliachwa wazi ili naye asikie.

Msichana wa kitabuni aliitwa Orla. Jina lile lilizua shida. Wengine walilimeza, wengine walilitema, na Mama Jairo, jirani yetu Mmaragoli mwenye kicheko cha kuamsha ng'ombe, alilitamka kila mara kivyake. Mwishowe kukhu akauliza alizaliwa lini. Mama akapekua. Mwezi wa kumi na moja.

"Basi ni mavuno," kukhu alisema. "Mwiteni Nekesa tuendelee."

Tangu hapo akawa Nekesa. Na kadiri tulivyopukuchua, ndivyo nchi yake ilivyozidi kufanana na yetu. Kulinyesha kila siku. Watu walikula viazi na kuongea habari za ng'ombe. Ndugu wawili hawakusemezana kwa ajili ya mpaka wa shamba, na Mama Jairo akasema hao ni Wamaragoli waliokaa sana kwenye mvua mpaka wakapauka. Babu yake Nekesa alipofariki, maiti ililazwa sebuleni, majirani wakaja bila kualikwa, wakakesha, chai ikapikwa mpaka majani yakaisha. Akina mama walisikiliza wakitikisa kichwa kwa heshima. Kumbe wazungu wengine hufiwa vizuri.

Nekesa alikuwa amekuja kwenye matanga hayo kutoka mji mkubwa. Mama yake alifukuzwa kijijini akiwa na mimba yake, akamlea huko huko mjini mpaka naye akafa. Msichana aliingia kanisani na koti lake. Viti vya mbele vilikuwa vya familia. Alipotaka kukaa, shangazi yake, dada ya mama yake mwenyewe, akamwonyesha kiti cha nyuma, pamoja na wageni.

Nakumbuka mikono ilisimama. Ule mlio wa mvua ukakoma.

Mama Jairo akasema shangazi huyo alaaniwe na meno yake. Mwingine akasema tungoje, pengine kuna jambo hatujaambiwa. Mjomba Wycliffe, kaka yake mama, alikuwa akishona magunia karibu na ukuta, akijifanya hasikilizi hadithi za wanawake. Akasema bila kuinua uso kwamba shangazi hana makosa. Mtoto anafuatanga baba, na kama huyo Nekesa anataka kiti cha mbele, aende akakitafute kanisa la kwa baba yake.

Wakamvamia wote kwa maneno. Kukhu alichukua gunzi lililokwisha kupukuchuliwa akaendelea kulipukuchua.

Siku iliyofuata tulitegemea Nekesa atoke kanisani. Hakutoka. Mama alisoma vile viti tena, safari hii na mawazo ya shangazi, na jinsi watu wa nyuma walivyonong'ona. Siku ya tatu bado. Mama Jairo akashindwa kuvumilia. "Mama Nafula," akamwambia, maana Nafula ndiyo mimi, "huyu msichana amesimama tangu juzi. Miguu haimuumi?" Mama akajibu kwa upole kwamba ni sura ndefu.

Kukhu ndiye aliyechemka. Alianza kumtukana yule shangazi kana kwamba ni jirani yetu wa pili kushoto. Akiosha vyombo, anamtukana. Akilisha kuku, anamtukana. Damu ya dada yako, alisema, unaikalisha na wageni. Utafika mbinguni uonyeshwe kiti cha nyuma uone inavyouma.

Mahindi hayajaisha, kuka akatuacha. Alifariki asubuhi, mlango ukiwa wazi vile vile. Boma lilijaa watu, turubai la mahindi likageuzwa kuwa hema, na mimi, nisamehewe, nilifurahia wingi wa binamu. Lakini wakati wa kuchota maji nilimsikia mjomba akimwambia mkewe kwamba mambo yakitulia, kile kijumba cha kando ya jiko kitamfaa kijana wao mkubwa, na Selina atajua pa kwenda. Nilikwenda nikamuuliza mama tunahamia wapi. Alikuwa akinisuka kwa ajili ya mazishi. Vidole vyake vilisimama kidogo, kisha vikaendelea, akavuta nywele kwa nguvu mpaka macho yangu yakaelekea masikioni.

Kwetu, mtu akishazikwa, familia hukusanyika siku ya tatu kunyolewa. Siku hizi makanisa mengi yameridhika na kukata vinywele viwili vya kisogoni. Wakati ule kwetu ilikuwa kichwa kizima, wembe na maji ya sabuni. Na wote waliokuja walikaa na kutazama, kwa sababu anayenyolewa ndiye wa boma. Mtoto aliyenyolewa pale mbele ya ukoo hakuna mtu angeweza kuja kesho kumwuliza anatafuta nini kwenye shamba hilo.

Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba binamu zangu walikuwa wamepanga mstari, wanasukumana na kucheka vichwa vya waliotangulia vilivyong'aa kama mayai, na mimi nilitaka kichwa changu king'ae pia. Nikaingia nyuma ya mstari. Aliyeshika wembe alikuwa dada yake kuka, mama mzee mwenye mkono mwepesi. Nilipofika mbele, aliangalia nywele zangu zilizosukwa, akaangalia watu.

"Huyu wa Selina aachwe," mjomba alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeondoa kiti kilichozidi. "Mtoto ananyolewanga kwa baba yake."

Mama alikuwa amesimama na akina mama wa jikoni, beseni la vikombe mikononi. Watu waliangalia chini. Mimi nilianza kurudi nyuma, aibu ikinichoma masikio, nikidhani kosa langu ni kuja na nywele zilizosukwa.

Kukhu alikuwa amekaa kwenye mkeka, yeye wa kwanza kunyolewa, kichwa chake kidogo kuliko nilivyowahi kukiona.

"Kwa baba yake ni wapi, Wycliffe?" aliuliza. "Nionyeshe njia nimpeleke mwenyewe."

Mjomba akasema mama, hayo ni mambo ya desturi, si yeye aliyeyatunga.

"Nilikaa kwenye veranda hii nikimtukana mama mmoja kila siku, kwa sababu alimkalisha mtoto wao nyuma," kukhu alisema. "Ulinisikia. Baba yako alinisikia, akiwa kitandani. Leo nikae kama yeye? Kuja hapa, Nafula."

Nilikwenda. Akanivuta nikakaa katikati ya miguu yake.

"Selina, weka vikombe chini, uje ufumue hizi nywele," akasema. Kisha akawageukia watu wa ukoo, na sauti yake ikapanda. "Hata Nekesa mwenyewe angefika saa hii na lile koti lake, ningemnyoa. Endelea, dada."

Mama akaja, akapiga magoti, akaanza kufumua. Nilihisi maji ya joto yakinidondokea shingoni, nikajua analia, na nikaona uchungu kwa ajili yake, kwa sababu alikuwa amenisuka asubuhi nzima kabla ya mazishi na kazi yote ilikuwa inaharibika. Nikamnong'oneza kwamba atanisuka tena zikiota. Alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka. Wembe ulikuwa baridi. Upepo ulipopiga kichwa changu kwa mara ya kwanza, nilihisi kama nimevuliwa kofia niliyozaliwa nayo, nikakimbia kwenda kulinganisha na binamu.

Mjomba hakukitaja tena kijumba. Aliniita mwanangu mbele ya watu jioni ile ile, kwa kuwa mjomba si mtu mbaya. Alikuwa tu mtu wa mahesabu, na mimi siwezi kumlaumu mtu kwa hilo. Shida iliyobaki ilikuwa Nekesa. Jamaa wa ukoo waliotoka Malava hawakujua habari za kitabu. Walirudi kwao wakisema kuna binti mwingine wa boma lile aliyepotelea ng'ambo, na mama yake bado anamngoja. Kwa miaka mingi, kila harusi na kila mazishi, mtu alikuwa akimvuta kukhu kando na kumuuliza kwa huruma kama Nekesa ameandika. Kukhu alikuwa akijibu kwamba yuko salama, kuko na mvua sana.

Miaka imepita, na nimekuwa mtu wa kununua na kuuza. Katika beli moja nilikutana na riwaya ile ile. Nilisimamisha biashara nikatafuta ile sura ya kanisani. Ni kurasa mbili. Nilihesabu, nikahesabu tena. Msichana anaonyeshwa kiti cha nyuma, anakaa, padre anaanza ibada. Hakuna mawazo ya shangazi. Hakuna minong'ono. Siku tatu za kusimama zilitoka kwa mama.

Kwa kazi hii ninayofanya, ningepaswa kugundua mapema. Anayejua kupatana bei hataji kwanza kitu anachokitaka. Anashika kingine, anakisifu, anakigeuzageuza, anamwacha mwenye mali azungumze mpaka ajitajie bei mwenyewe. Mama alijua kuka haponi. Alijua siku ya tatu itafika na mstari utapangwa, na kwamba binti aliyezaa nyumbani akisimama kuomba, ataambiwa aache fujo mbele ya wageni. Kwa hiyo hakuomba. Alileta msichana wa mbali, asiye na shamba la kugombania, akamsimamisha verandani mpaka kukhu akamwonea huruma kwa sauti ambayo haikuweza kurudishwa. Na mimi nilidhani tunapukuchua mahindi.

Nilimpelekea mama kitabu Lumakanda. Alikipokea, akakinusa, akatabasamu, akakiweka kando ya maharagwe aliyokuwa akichambua. Nikamuuliza kama anakumbuka kilivyoisha, maana mimi nilikuwa nimeshajua: Nekesa anarudi mjini.

"Sikumaliza," mama alisema.

Nikashangaa. Riwaya nzima, na akina mama wale wote waliokuwa wakimdai mwisho wake?

Alitoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa. "Ningesoma nini tena, Nafula? Mtoto alikuwa ameshanyolewa."