Dumu Halibebwi Mgongoni

Watu wa bara wakisikia nimezaliwa Bagamoyo hudhani nilitoka tumboni nikipiga mbizi. Mimi bahari naijua kupitia dirisha. Kazi yangu ni kukaa ndani, na naifanya kwa bidii. Hata mume wangu, mtu wa Miono aliyekulia mashambani, ananishinda kuogelea, na hachoki kunikumbusha.

Mwaka huu binti yetu alitaka jambo moja tu: kwenda kuokota kome na mama yake mdogo, yaani mdogo wangu, maji yakipwa. Nilikataa. Maji ya kwetu hayakujii usoni. Yakianza kujaa hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, wewe umeinama na ndoo yako, ukigeuka, njia ya kurudi imeshakuwa kina.

"Dada, utamfungia ndani mpaka aolewe?" mdogo wangu akaniuliza. "Mpeleke akafundishwe."

Nikaahidi: akijua kuelea, na akajua la kufanya mwenzake akizidiwa, ataenda.

Kuna msichana hufundisha watoto pale ufukweni Jumamosi asubuhi. Vifaa vyake ni madumu matupu ya mafuta ya kula, yamekazwa vifuniko.

"Nimekuletea mwanafunzi," nikamwambia.

"Karibuni wote wawili. Hapa mzazi hakai mchangani."

Nikageuka kumtafuta huyo mzazi anayeambiwa. Hakukuwa na mtu. Nikaingia majini na dera langu, likavimba kama andazi kwenye karai.

Jumamosi zikapita. Mwanangu akawa analala chali juu ya maji kama yuko kitandani kwangu. Mimi nilikuwa bado najifunza kulowa. Siku moja mwalimu akanipa dumu.

"Likumbatie kifuani, mama, kisha ulale chali."

Masikio yalisikia. Mikono iliyolea watoto ikafanya ya kwake: nikalitupa dumu mgongoni, nikalifunga kwa kanga, fundo kifuani, nikaliweka sawa kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

"Shoga, mjukuu huyo wa nani?" akapaza sauti mama mmoja. Kabla sijamjibu nilishainua miguu.

Dumu likaja juu, mimi nikaenda chini, uso majini, makalio yakiwasalimia wenye hoteli za pale ufukweni. Maji yalikuwa ya kiunoni, lakini katika hali ile nani anakumbuka kusimama?

Mwanangu hakunirukia. Angenirukia ningemkaba shingo, tukazama wote. Alimwita mwalimu kwa sauti kubwa, akabaki pale miguu yake inapofika chini, akanisukumia dumu lake mpaka likanigonga mkono.

"Shika, mama! Sasa simama! Simama tu!"

Nikashika. Nikasimama. Ufukwe mzima ulikuwa unacheka, na mimi nikatema chumvi, nikacheka nao.

"Huyu amefaulu," mwalimu akasema. "Wewe, mama, tuonane Jumamosi."

Bamvua lilipofika, siku ambazo maji hupwa mbali sana, mwanangu akaenda na mama yake mdogo. Nilipika, nikaunguza, nikachungulia, nikapika tena. Akarudi tope hadi magotini, anaimba, ndoo ikiwa nusu.

"Kome walikuwepo wengi, mama, lakini mkondo ulianza kujaa, nikamwambia mama mdogo tuondoke."

Nusu ndoo ile niliipika kwa nazi, na mume wangu alikula bila kunitania, maana mdomo ulikuwa umejaa.