Bokoboko Hainenepi

Siku ya kunguru naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku niliyoshuka uwanja wa ndege. Walitua alfajiri juu ya ukuta wa nyuma, nyumbani kwa ami yangu pale Rashidiya, wakawa wanagombea mkungu wa ndizi ambao nyumba nzima ilikuwa ikiutazama kila jioni na kusema bado. Tulipotoka na mafagio kuwafukuza, walikuwa wameshakula nusu.

Nilikuwa na miaka ishirini. Ami Saidi, mdogo wake marehemu baba, alinileta Dubai kutoka Unguja nimsaidie dukani kwake Naif. Viza alinitolea yeye, kafeel wangu, yaani mdhamini, yeye, nalala chumba kimoja na binti yake Salma na kula mezani kwake. Duka lilikuwa la vitambaa, na wateja wake wakubwa ni akina mama wafanyabiashara wa Kampala, Mombasa na Dar es Salaam, wanaokuja kununua majora, wakafunga mizigo na kurudi nayo kwao. Naif unaijua. Ukitaka kusikilizwa pale, sharti usikike kwanza.

Basi Salma alisikika. Alikuwa mdogo wangu kwa mwaka mmoja, lakini ulimi wake ulikuwa umetangulia miaka kumi. Mteja hajavuka kizingiti, keshaitwa shangazi, keshapewa kiti na maji baridi, keshaambiwa rangi hii ndiyo inayotoka sasa, fulani wa Mombasa kachukua majora matano. Mie nilikuwa mkimya. Nikiulizwa najibu, nikiambiwa kunja nakunja, kisha nanyamaza. Niliwahi kujaribu kumuiga Salma, nikasimama mlangoni na kumwita mama mmoja, "Karibu mrembo wangu!" Sauti ikatoka kama ya paka aliyekanyagwa mkia. Yule mama akaniuliza kwa huruma kama naumwa.

Ami hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsengenya naye hayupo kujitetea. Alinilisha, alinivisha, hajanipigia kelele hata siku moja. Ila alikuwa na kipimo kimoja tu, nacho ni Salma. Jioni moja aliniita sebuleni, akaongea taratibu kama mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Zaina, mie nimengoja. Salma mwezi wa kwanza tu alikuwa keshaliweza duka. Wewe huu mwezi wa nne, bado mbichi. Tukifunga Ramadhani, tukila Idi, nitakukatia tiketi urudi kwa mamako. Khalas, tusilaumiane."

Nilisema naam ami, nikaenda chooni kulia. Mamangu alikuwa keshautangazia mtaa mzima wa Ng'ambo kwamba bintiye yuko Dubai, na nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu wawili wanaosoma kwa matumaini hayo. Kurudi kwa hiari ni jambo moja. Kurudishwa kwa kuwa huna faida ni jambo jengine, na watu wa mtaani hawahitaji kuambiwa ili wajue.

Sasa nikwambie habari za ndizi, maana huko ndiko ninakokwenda.

Pale nyumbani aliishi pia Bi Raya, mamake Bi Asya mke wa ami, yaani mkwe wake ami. Bibi mwembamba, mkali wa macho, aliyelelewa shamba huko Unguja kabla ya kuletwa huku na watoto wake. Wahenga walisema mgomba changaraweni haupandwi ukamea, na Dubai hii unaiona, ni mchanga mtupu. Yeye alichimbisha mashimo ya kufika kiunoni kando ya ukuta wa nyuma, akaagiza udongo na samadi ya mbuzi, akageuza maji ya jikoni yapite hapo hapo, na ukuta ukawa ngao yake ya upepo. Akiulizwa, alisema wahenga hawakuwahi kukutana na mkaidi kama yeye.

Alikuwa na aina tatu, machipukizi yake yote yameletwa na jamaa kutoka Omani. Ya kwanza kisukari. Mgomba wake mwembamba, hauna makuu, unazaa upesi na kutoa machipukizi mengi mpaka uyapunguze kwa panga. Ndizi zake ndogo, nyingi, ganda jembamba, na zikikomaa zinajaa mpaka pembe zote zinapotea, unashika kitu cha duara kabisa. Ya pili mzuzu, yenye ndizi chache ndefu zilizopinda kama pembe. Mgomba wake usipoutegemeza kwa mti, upepo unaulaza chini na mkungu wake. Mzuzu unaungoja uive hadi ganda lianze madoa meusi, ndipo unaupika kwa nazi, sukari na hiliki.

Ya tatu ilikuwa bokoboko. Usinicheke, sisemi ile bokoboko ya ngano na nyama ambayo wenyeji wa huku wanaiita harisi. Hii ni ndizi. Mgomba wake mnene, umepauka shinani kama uliopakwa unga, unavumilia kiu na jua kuliko wenzake. Ndizi zake ni fupi, nene, na zina pembe zilizosimama kama za boriti. Tamu yake ni mbichi, ukiipika kwa nazi na samaki. Inalainika bila ya kuvurugika, na mchuzi unaunywa wote.

Mwaka ule bokoboko ilizaa mkungu mmoja tu, na Bi Raya akauwekea nia. Mara akaitwa Maskati kumuuguza dada yake. Siku ya kuondoka alisimama uani na kanga yake begani, akatuambia sote kwamba mkungu ule ni wa futari ya mwezi mosi Ramadhani, ukikomaa tuukate, tusiuache. Gari likapiga honi, akaenda zake.

Tukabaki na ami. Kila jioni akitoka dukani alipita uani, akaziminya ndizi kwa dole gumba na kutoa hukumu. "Bado zina pembe. Mwaka jana nimekata kisukari kwa mkono wangu, ilijaa ikawa duara." Bi Asya aliitikia kwa kuwa ni mumewe. Salma aliitikia kwa kuwa alikuwa na haraka ya kwenda kuangalia televisheni. Nami mtoto wa mjini Ng'ambo, ndizi nilizijua sahanini, nikaitikia pia. Zikapita siku, pembe ziko pale pale, nasi tunangoja. Kisha asubuhi ile wakaja kunguru.

Zilikuwa zimeiva juu ya mgomba, mwanangu. Ganda limepasuka, ndani njano, sisimizi wamepanga safu. Na Mola alivyopanga, adhuhuri ya siku hiyo hiyo, mwezi ukitarajiwa kuandama magharibi, Bi Raya akateremka kwenye gari kutoka Maskati. Alikwenda uani kabla hata ya kuvua viatu. Alikaa huko kitambo, kisha akaingia ndani, akanawa mikono, akaketi mkekani mkabala na sisi.

Lazima uelewe kitu kimoja. Kwetu mama mkwe hamkemei mkwewe usoni, na mkwe hamjibu mama mkwe kwa sauti. Ni heshima, na heshima ile ina mlango wake wa nyuma. Bi Raya akiwa na neno la kumwambia ami, alimwambia bintiye, na ami mwenyewe amekaa pale pale.

"Asya," alisema, "mwambie mumeo bokoboko hainenepi."

Ami akakohoa. "Mama, zilikuwa bado zina pembe."

"Mwambie bokoboko inatoka na pembe na inaliwa na pembe. Anayengoja iwe duara, atangoja mpaka kunguru waile. Dalili yake si hiyo. Kijani chake kinapauka, na kile kikonyo cheusi cha ua kwenye ncha, ukikigusa tu kinadondoka. Kujaa ni kwa kisukari. Mumeo kajifunza kisukari, akadhani kajifunza ndizi."

Salma alicheka, akatazamwa. Nilidhani yamekwisha, nikaanza kuinuka nikatie chai.

"Na wewe kaa," aliniambia. Kisha akamgeukia tena bintiye. "Ulinambia kwenye simu anataka kumrudisha huyu mtoto wa nduguye. Mwambie sijamuingilia. Duka lake, mtoto wa nduguye. Ila kila siku namuona akimtazama kama leo atageuka Salma. Salma ni mjukuu wangu, damu yangu, nampenda na kelele zake zote. Huyu si Salma na hatakuwa. Dalili yake huyu keshaitafuta? Keshamuuliza mtu?"

"Mama, duka si shamba," alisema ami kwa upole, akiangalia mkeka.

"Mwambie sijasema ni shamba. Nimesema akaulize."

Hapo nilitamani ardhi inimeze, nakwambia kweli. Kutetewa mbele za watu kunaumiza karibu sawa na kulaumiwa, hasa ukiwa hujui mwenyewe kama unastahiki. Usiku mwezi ukaandama, na kesho yake tukafuturu kwa ndizi mbichi za supamaketi, zile ndefu laini zinazoletwa na meli. Zilivurugika chunguni zikawa uji. Ami alikula mpaka akamaliza, nadhani kwa adabu.

Siku chache baadaye alikuja mteja wetu wa Kampala, tulimwita Nalongo kwa kuwa ana mapacha. Salma alimpokea mlangoni kwa shangwe zake zote. Nalongo akamshukuru, akampita, akaja moja kwa moja nyuma nilikokuwa nakunja. Ami alikuwa kwenye meza yake. Nikamuona anainuka, na kwa mara ya kwanza tangu nije, akauliza.

"Mama Nalongo, huyu binti wangu unamuonaje? Sema kweli, sitakasirika."

"Ule musichana wa mulango ni muzuri, anachekesha," alisema Nalongo. "Lakini bwana, mimi nimezunguka maduka mingi hapa. Nachagua rangi leo, nafika Kampala nakuta jirani yangu iko nayo, sababu huku banasema sana. Huyu wako nilimujaribu. Nikamuuliza, wale ba Mombasa walichukua gani? Akacheka tu, akanyamaza. Basi nikajua na yangu atainyamazia. Wenzangu nao ndiyo maana banakuja kwa yeye. Wewe haujui?"

Ami hakujua. Na mie sikujua, ndiyo ajabu yake. Nilidhani wanakuja nyuma kwa kuwa kuna feni. Ningemweleza mteja siri ya mteja mwenzake, mamangu angeniita mmbea, basi sikuwahi kuhesabu kwamba kunyamaza nako ni kazi naifanya. Ami alirudi mezani kwake, akakaa, akazungusha kalamu kwa muda mrefu. Salma alibaki mlangoni, maana mlango nao unahitaji mtu wa kuita watu waingie, na hilo hakuna wa kumshinda mpaka leo.

Jioni ile, baada ya futari, sote tuko mkekani, nami niko karibu na ami kiasi cha kupigana viwiko, yeye akamtazama mkewe.

"Asya, mwambie Zaina kesho afungue duka yeye."

Akatoa ufunguo mfukoni, akausukuma juu ya mkeka mpaka ukafika gotini kwangu. Bi Raya alikuwa anamenya tende, hata hakuinua macho. Idi ikaja, ikapita, na habari za tiketi hakuna aliyezitaja tena. Wadogo zangu walimaliza shule, mmoja yuko Muhaisnah hapa hapa Dubai sasa hivi, msimamizi wa kambi ya wafanyakazi.

Leo naishi International City, na vijana kama wewe hupanda ngazi kuja kunywa chai kwangu. Mnakuja na simu zenu mkononi. Huyu kajenga kwao, yule kapandishwa cheo na madam wake, mwengine kaja juzi na keshanunua gari, nawe miaka miwili uko pale pale, unataka kufungasha. Sikiliza basi. Kabla hujasema umechelewa, jiulize unajipima kwa dalili za nani. Muulize mtu mzima anayekuona ukifanya kazi, asiyekuogopa wala kukuhurumia, akwambie anaona nini. Na akikwambia kweli wewe ni mchanga, kubali ukakomae. Bokoboko changa nayo ni changa, pembe zake hazitaisaidia kitu. Sikupi kisingizio cha uvivu hapa.

Na siku wewe utakapokuwa na duka, na watu chini yako, na mtoto wa nduguyo anakula mezani kwako, hapo ndipo nataka unikumbuke zaidi. Usimtazame wa pili kwa macho uliyojifunzia wa kwanza. Kuuliza si ujinga, na ami yangu aliuliza akiwa na ndevu nyeupe mbele ya mteja wake, hakupungukiwa. Angeona haya siku ile, mie ningerudi Unguja na kuamini maisha yangu yote kwamba sifai, na hakuna ambaye angejua kuwa si kweli.

Haya, chai yako imepoa, kunywa. Mola akukutanishe na watu wanaojua kukutazama, akupe na subira nao wasipojua, na ukipewa watu uwaangalie, akufumbue macho mapema. Amin, mwanangu.