Jibu Langu Kuhusu Kuni

Mwaka ulikuwa 2021, msimu ulikuwa akamu, kile kiangazi kirefu ambacho safari hiyo hakikutaka kwisha, nami nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mume wangu alifariki tarehe 12 Machi 2016. Nilijiunga na darasa la watu wazima hapa Lodwar tarehe 15 Januari 2018. Tarehe ya kwanza niliambiwa na karani aliyeandika cheti. Ya pili niliiandika kwa mkono wangu, na tangu hapo sijamwachia mtu kazi ya kunitunzia tarehe.

Marehemu aliniachia ekwar. Ndivyo tuitavyo kipande cha msitu wa ukingoni mwa mto ambacho familia moja hukitunza na kukitumia. Chetu kiko kando ya Turkwel, nje kidogo ya mji, na kilikuwa na miti kumi na saba ya ewoi, ile migunga ya kivuli kipana inayoangusha maganda wakati nyasi zimekwisha. Mbuzi wangu waliishi kwa maganda hayo, nami niliishi kwa mbuzi. Kuni zangu zilikuwa matawi makavu yaliyoanguka yenyewe. Sikuwahi kupeleka panga kwenye tawi bichi la ewoi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliishi Kakuma, akiuza makaa mjini na katika kambi ya wakimbizi. Baada ya mazishi alitaka niingie katika boma lake kama desturi inavyomruhusu. Nilikataa mara moja, kwa heshima, na sikulazimika kurudia. Hakunichukia. Lakini toka siku ile aliitazama miti yangu kama mali isiyo na mwenyewe. Tarehe 20 Agosti 2018 aliukata mmoja, akasema ni huo tu. Siku hiyo hiyo, ili nipate njia ya kuufikia mto, nami nilikata kichaka cha mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kutoka nje na kuvamia kingo zetu. Visiki viwili vikabaki hatua chache kimoja kutoka kwa kingine. Kila tarehe mosi ya mwezi nilivipima kwa rula na kuandika katika daftari. Mwanzoni lilikuwa zoezi la kujifunza tarakimu.

Jumanne tarehe 5 Oktoba 2021, mwalimu alitupa jaribio la sayansi. Alikuwa ametufundisha juu ya kawi, akagawa ubao pande mbili. Upande mmoja ulikuwa wa kawi jadidifu, yaani ile inayorudi baada ya kutumiwa: jua, upepo, maji, kuni. Upande wa pili ulikuwa wa ile isiyorudi: dizeli, mafuta ya taa, na mafuta ya chini ya ardhi kama yale yaliyotafutwa Lokichar. Swali la nne liliuliza kuni ziko upande gani, na kwa nini. Mkono wangu ulisita, kwa sababu nilikijua kisiki changu cha ewoi. Kisha nikaandika: "Kuni ni kawi jadidifu kwa sababu mti ukikatwa, mwingine huota." Mwalimu akaweka tiki nyekundu, akaongeza, "Vizuri sana."

Jumamosi iliyofuata shemeji alikuja kunijulia hali, akanikuta na karatasi ya jaribio.

"Ejok, shemeji," alinisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi."

"Hiyo karatasi inasema nini, mwalimu wetu?" alinitania.

Nilimsomea. Akaniomba nirudie swali la nne. Nilirudia kwa sauti ya juu zaidi, kwa maana majirani walikuwa wakisikiliza.

"Kwa hivyo mti inarudi."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na mwalimu amekubali?"

"Si unaiona tiki?"

"Naiona. Mimi sijui kusoma, lakini nyekundu naijua."

Alhamisi tarehe 14 Oktoba alifika kwenye ekwar na wanaume wawili na msumeno wa mota. Nilisimama mbele ya mti wa kwanza.

"Shemeji, toka hapo," alisema bila hasira. "Si ni wewe umesoma? Nakata hii, ingine inaota. Kitabu yako imesema."

Jibu alilonirudishia lilikuwa langu mwenyewe. Jirani alimwita chifu, naye akaamuru msumeno uzimwe mpaka wazee wasikilize shauri. Wazee walikuwa wamehama na mifugo, wakifuata malisho mbali. Tukangoja karibu miezi mitano. Kama wangeamua dhidi yangu, mbuzi wangu wasingeuona mwisho wa kiangazi kile, na mimi ningekuwa mgeni katika boma la mtu mwingine.

Shemeji alikuwa na hoja moja zaidi: kwamba Kakuma hawanunui makaa ila ya ewoi. Ijumaa tarehe 19 Novemba nilipanda gari la asubuhi na gunia dogo la makaa ya mathenge, nikaenda kujionea. Nilimpelekea mwanamke mmoja kutoka Sudan Kusini anayepika chakula cha kuuza kambini. Alikuwa ameloweka maharagwe tangu siku iliyotangulia, jiko lake lilikuwa la udongo, na sufuria aliifunika kwa mfuniko wenye jiwe juu ili mvuke usitoroke. Alipika kwa makaa niliyomletea, kiasi ambacho mimi ningekihesabu kuwa nusu ya kinachohitajika. Maharagwe yalipoiva, alifukia makaa yaliyobaki kwenye mchanga yazimike, apate kuyawasha tena.

"Mama, hii ni mathenge?" aliuliza akiligeuza kaa mkononi. "Inarusha cheche mwanzo, kama mkwe mpya. Halafu inatulia."

"Watu wa hapa wanaikataa?"

Alicheka. "Mimi sipiki na jina ya mti. Ikichemsha maji, nanunua."

Shauri lilisikilizwa Alhamisi tarehe 3 Machi 2022, barazani kwa chifu. Mwalimu wangu alikuwapo. Shemeji alisimama kwanza. Alisema mimi mwenyewe nilikiri kwa maandishi kwamba kuni hurudi, na mwalimu akatia tiki.

"Ni kweli?" chifu aliniuliza.

"Ni kweli. Niliandika."

"Basi mnagombania nini?"

Nilifungua daftari. Kusema mbele ya watu kwamba nimekosea ni jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu niolewe. Nilisoma tarehe kwa tarehe. Kisiki cha mathenge kilichipua, kikanifika kiunoni kabla ya mwaka kwisha. Nilikikata mara tatu, kikarudi mara tatu. Kisiki cha ewoi kilitoa chipukizi lenye urefu wa kidole, mbuzi wakalila, na kufikia tarehe 1 Februari 2022 kilikuwa kimekauka mpaka mzizi.

"Mama mkwe wako aliukuta mti huo ukiwa na ukubwa gani?" mzee mmoja aliuliza.

"Aliolewa akaukuta unatoa kivuli."

"Sasa mwalimu alikosea?" shemeji aliuliza.

"Hapana. Nilikosea mimi. Kuni zote zimewekwa upande mmoja wa ubao, lakini swali halikuuliza zinarudi baada ya muda gani, wala ni za mti upi. Kisiki nilikuwa nimekipima. Niliandika lile ambalo lingesifiwa."

Mwalimu aliinamisha kichwa, kisha akasema kwamba swali lile ataliandika upya. Nikawasimulia wazee pia jinsi makaa ya mathenge yalivyopokewa Kakuma. Walizungumza kwa muda mrefu. Waliamua kwamba ekwar ibaki mikononi mwangu: maganda na matawi makavu tu, na ewoi isikatwe na yeyote, hata mimi. Shemeji akapewa ruhusa ya kuchoma makaa ya mathenge yote ya ukingo ule, kila yatakapoota.

Karani aliandika uamuzi. Nilitia sahihi yangu na tarehe. Kisha kikaletwa kidau cha wino kwa ajili ya dole gumba la shemeji, naye akaurudisha mkono nyuma, akanisukumia karatasi.

"Nisomee, shemeji," alisema. "Na leo usome mpaka mwisho, si kama swali la nne."

Nikamsomea mpaka mwisho.