Waya wa Plagi Mbili

Chekeni tu, mna haki, maana hata mimi nikipita karibu na ukumbi wa kanisa letu hapa kambini Nakivale naangalia upande mwingine.

Siku hiyo namwoza mwanangu Espoir, wakwe wamemleta binti yao kutoka Oruchinga, na mimi (fundi redio, majivuno yangu mnayajua) nataka waone mtoto wao anaingia kwenye nyumba ya watu wenye akili. Lakini mawingu yalikuwa yamekaza, betri za sola za kanisa ziko hoi, na umeme wa nguzo, tuliounganishiwa juzijuzi tu, unafifia kila kinu cha jirani kikianza kusaga. Nikawaza, huu dhaifu na ule dhaifu, nikiikutanisha si itasaidiana? Nikafunga plagi huku na huku kwenye waya mmoja, nikachomeka upande wa sola, halafu, baba wa binti ndiyo kwanza ameshika maikrofoni amuage mwanawe, nikachomeka ukutani.

Paa! Moshi ukatanda, spika zikanyamaza, mchungaji akapiga kelele, "Moto! Batu bote inje!" Wakwe wakakimbilia kwenye mvua na vitenge vyao vipya, bibi harusi akateleza topeni. Na kama hiyo haitoshi, akatokea mzee mmoja kutoka saluni ya jirani, kichwa kimenyolewa nusu, shuka bado iko shingoni, maana mashine ya kunyolea imezimika.

"Njo nani amekata courant?"

Wote wakanigeukia.

Baba wa binti akamshika mwanawe mkono. "Mutoto wangu hatalala mu nyumba ya mutu wa kuchoma batu. Tunarudi naye!" Hapo niliogopa kweli, kumkosesha mwanangu mke kwa sababu ya plagi.

Bibi harusi akafuta tope. "Papa, mimi naolewa na Espoir, hapana na waya ya baba yake."

Watu wakaangua kicheko, hata baba yake, na harusi ikaendelea bila spika.

Kesho yake akaja fundi wa umeme kutoka Kakoba, Mbarara, akaushika ule waya kwa vidole viwili. "Ssebo, nani alikuambia unganisha hii? Ya jua na ya nguzo kila moja iko na mwendo yake. Bila mashine ya kupatanisha, inapigana."

Sichomeki tena nisichokijua, nimeapa. Na wiki ile mama mkwe alimtumia binti yake vyombo vya ndoa: sufuria, sahani, na katoni nzima ya mishumaa.

Niliipokea mwenyewe, kwa mikono miwili.