Pumzi Isiyofika Mwisho wa Ubao

Saa moja asubuhi, karakana ya milango. Manjano anapitisha msasa kwenye ubao, kisha anafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji.

"Kaka, huo ni mlango au mtoto unamwogesha?" mdogo wake anamtania kutoka benchi la pili, sigara kaipachika sikioni.

"Ungeogeshwa hivi wewe, ungekuwa na adabu."

Hapa mazoea ni kupuliza. Fundi akishapiga msasa hupuliza vumbi kwa mdomo ili aone nyuzi za mti. Jioni hushindana: nani atasafisha ubao mzima kwa pumzi moja? Manjano alikuwa bingwa. Leo, akiwa na miaka ishirini na minane, ngazi za kwao anazipanda kwa vituo.

Jina la Manjano alilipata akiwa mchanga, macho yake yalipokaa ya njano kwa wiki nyingi. Mama aliambiwa yatapita, na yakapita. Ukubwani kikaja kikohozi. Akapewa dawa za pumu, wapi! Kipimo kilipoonyesha makovu kwenye ini, mhudumu akamwambia, "Kijana, punguza chupa."

"Hata bia sijawahi kuonja," anasema. "Lakini tajiri wetu hapa karakana aliposikia tu, akatia kufuli kabati la spiriti ya vanishi, eti nitainywa."

Kufuli lilinunuliwa siku hiyo hiyo. Feni ya kutoa vumbi, iliyoahidiwa tangu alipozikwa fundi mkuu na kikohozi chake, haijanunuliwa mpaka leo.

Daktari mwingine ndiye aliyeuliza habari za yale macho ya utotoni, akaagiza kipimo cha damu. Ini la Manjano hutengeneza protini ya kulinda mapafu, lakini protini hiyo hujikunja vibaya. Nyingi hunasa humo humo na kuliumiza ini, na mapafu hubaki bila mlinzi. Kasoro hiyo kairithi kwa baba na kwa mama. Chupa haimo.

Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi. Kukwepa moshi na vumbi ndiko kunakookoa yaliyobaki. Daktari alisisitiza pia kwamba mdogo wake apimwe.

"Nipimwe ili na mimi nifungiwe kabati?" kijana aling'aka, na tangu hapo hataki kusikia.

Jioni mashindano yanaanza. Mdogo mtu anainama, anapuliza. Vumbi linatimka, linafika katikati ya ubao, linatulia. Anajaza kifua, anarudia. Katikati tena.

"Umeshiba moshi wewe!" mafundi wanaangua kicheko.

Manjano hacheki. "Na mimi nilianzia hapo hapo," anasema taratibu.

Kijana anautazama ule ubao. Anaitoa sigara sikioni, anaivunja vipande viwili.

"Hiyo kliniki yako ni Jumatano?"

"Jumatano asubuhi."

"Nipitie. Ila tajiri asijue."

"Atajua," anasema Manjano, akimrushia kitambaa chake chenye maji. "Nitamwambia mwenyewe. Anunue feni. Sisi kupuliza tumeacha."