Mke wangu ana valvu ya bandia moyoni, na mimi nilimwonea aibu mama mkwe

Wakuu, za mchana.

Haya yametokea nyumbani kwangu, Makere, Kasulu. Chumvi sijaongeza, maana mwenyewe Imelda yuko hapa pembeni anasoma kila mstari.

Imelda ni mke wangu. Alipasuliwa moyo Dar, akawekewa valvu ya bandia.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni kwamba ile valvu inasikika. Tik, tik, tik. Nyumba ikitulia unaisikia kutoka upande wa pili wa chumba.

Mwanzoni ilinisumbua. Baadaye nikaipenda. Asubuhi ukungu ukiwa umelala juu ya mihogo, huoni hata choo kilipo, mimi nakaa kitandani nasikiliza tu. Kuna siku nilikuwa nahisi nyumba yote inatembea taratibu kwenda mahali, na sisi tumo ndani. Imelda anasema mimi ni mvivu natafuta sababu ya kutoamka.

Sasa tatizo la valvu hizi, wakuu, damu haizipendi. Ikipita pale inataka kuganda. Kwa hiyo anakunywa warfarin kila siku, saa ile ile, na anapimwa INR, kipimo cha kuangalia damu inachukua muda gani kuganda.

Nesi alitukalisha chini kabla hatujaondoka Dar. Akasema mboga za majani kuleni, ila kiasi kile kile siku zote. Mkizidisha ghafla, zinaishinda dawa.

Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili.

Tukarudi. Mama mkwe akaja kutoka Kibondo kumuuguza binti yake. Familia yao asili yao Burundi, siku hizi ni raia. Ni mama mpole, mchapakazi, na anajua jambo moja kwa uhakika: mtu aliyepasuliwa amepoteza damu, na damu inarudishwa na sombe.

Sombe ni kisamvu. Akawa anatwanga, anachemsha, anachuja yale maji ya kijani. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Mchana sahani imejaa, na mawese juu.

Nikaona. Nikakumbuka maneno ya nesi. Nikanyamaza.

Waliooa huku wananielewa. Mama mkwe humkatalii chakula, humkosoi jikoni, hata kumtazama usoni unatazama kwa adabu. Nikimwambia "mama, acha," ni sawa na kumwambia anamuua mwanawe. Nikajisemea tarehe ya kliniki imekaribia, daktari atasema mwenyewe. Imelda naye akawa anakunywa kumfurahisha mama yake, huku akinitazama mimi.

Wiki tatu zikaenda hivyo. Mvua, harufu ya mawese, tik tik.

Jumapili moja tumetoka kanisani. Imelda amekaa mkekani anachambua maharage, nikajilaza karibu yake. Usingizi ukanichukua nusu. Katika ule usingizi nikahisi kitu kimepungua na sikijui ni kitu gani.

Nikafungua macho. Naona midomo yake inahesabu maharage, lakini tik siisikii.

Nikaweka sikio kifuani. Ilikuwepo, ila kwa mbali, imefifia, kama saa iliyofungwa ndani ya blanketi. Nikamwuliza unajisikiaje. Akasema, "Tangu jana napumua kwa shida kidogo. Sikutaka kuwasumbua."

Wakuu, nikamwita mama mkwe, tukamkimbiza hospitali saa ile ile.

Hospitali walipima, INR iko chini kabisa, yaani damu inaganda haraka mno. Daktari akauliza anakula nini. Mama mkwe akajibu kwa fahari, "Sombe, daktari. Ninamtwangia mwenyewe." Mimi nikatazama sakafu.

Tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Picha ya moyo ikaonyesha bonge la damu limeshika valvu, haifunguki vizuri. Kuna dawa ya kuyeyusha, akasema daktari, ila inaweza kumvujisha damu kichwani. Bila hiyo dawa, valvu inaweza kukwama. Nikaweka sahihi apewe. Mkono ulikuwa unaandika jina langu kama la mtu mwingine.

Tulikaa pale mimi na mama mkwe, benchi moja, tumeachiana nafasi ya heshima katikati. Nikamwambia kila kitu. Kwamba nilijua. Kwamba nilimwonea aibu.

Akasogea, akaifuta ile nafasi.

"Mukwe wanje," akasema, yaani mkwe wangu kwa lugha yao, "siku nyingine nitukane. Lakini useme."

Kesho yake asubuhi nesi akaturuhusu kuingia. Kabla sijafika kitandani nikasikia. Tik, tik.

Mama mkwe hakusalimia. Aliinama, akaweka sikio kifuani kwa mwanawe, akabaki hapo.

Mwenye valvu ndani ya nyumba: dawa usiruke, kipimo usisogeze, sombe haijakatazwa ila kiasi kisibadilike, na sauti ikififia kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Na wewe unayejua kitu, kiseme, hata kama aliyeshika mwiko ni mama mkwe.

Mlioko Kibondo na Kasulu wenye wagonjwa wa namna hii, INR mnapima wapi? Na mliwezaje kuongea na wakwe? Nawasoma.

Mama mkwe bado yupo, anapika. Sasa hivi ameita kutoka jikoni: "Mukwe wanje, njoo uone, hiki kijiko cha sombe kimezidi?"

Kimezidi, wakuu. Naenda kumwambia.